Jinsi ya kumyeyusha mvamizi mbele ya kamera

Katika The Invaders, mfululizo ulioonyeshwa na ABC ya Marekani kuanzia Januari 1967 hadi 1968, viumbe wa sayari nyingine wana sura za watu wa kawaida. Hakuna magamba wala pembe. Baadhi yao wana kidole cha mwisho kilichokakamaa, na hawana mapigo ya moyo, lakini kinachowafichua hasa ni kifo chao: mwili unawaka wekundu, unafifia, unatoweka, na chini panabaki alama ya kuungua tu. David Vincent, mhusika aliyeigizwa na Roy Thinnes, anahangaika vipindi 43 akitafuta wa kumwamini, na maiti ambazo zingemsaidia zinayeyuka kabla hajapata shahidi. Hila moja ya kamera ndiyo imebeba hadithi nzima, na wala haihitaji mavazi ya zimwi.

Hila hiyo unaweza kuifanya kwa simu, stendi na programu ya bure ya kuhariri. Inapoharibika, mara nyingi imeharibikia uwanjani, siyo kwenye kompyuta. Stendi imeguswa, wingu limefunika jua, kuku amekatiza. Hariri upendavyo, shoti mbili zisizolingana hazilingani. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye kurekodi.

Shoti nne, fremu moja

Unarekodi tukio lilelile mara nne, kamera ikiwa palepale:

A. Mvamizi anapigwa, anaanguka, anatulia. Akishatulia, endelea kurekodi kwa sekunde 10 bila yeye kutikisika.

B. Mahali palepale, mwigizaji ameondoka. Sekunde 20.

C. Mahali patupu, ila taa nyekundu inamulika ardhi pale mwili ulipolala. Sekunde 10 taa ikiongezwa taratibu, 10 ikipunguzwa.

D. Mahali patupu penye majivu yenye umbo la mwili. Sekunde 20.

Usibadilishe mpangilio huu. Majivu yanakuja mwisho kwa sababu ukishayamwaga huwezi kuyaondoa bila kuacha doa. B inakuja baada ya A, siyo kabla, kwa sababu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakioni mpaka wafike mezani kuhariri: nyasi zikilaliwa zinalala. Ukirekodi mahali patupu kwanza, nyasi zitakuwa zimesimama, na mwili ukififia mtazamaji ataona majani yakiinuka yenyewe kwa nusu sekunde. Kwenye mchanga ni vilevile, alama ya kiwiko inatokea ama inapotea. Sakafu ya saruji ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa jaribio la kwanza nashauri saruji.

C ndiyo shoti ambayo watu huiruka, halafu wanashangaa kwa nini kazi yao inaonekana imebandikwa. Mwili unaowaka lazima utie wekundu kwenye ukuta ulio karibu na kwenye ardhi inayouzunguka. Kompyuta inaweza kuiga, lakini taa ya shilingi chache inafanya vizuri zaidi kwa sababu mwanga wenyewe unafuata kila kokoto.

Mahali na mwanga

Tafuta mahali ambapo hakuna kinachocheza nyuma: majani ya migomba, nguo kwenye kamba, barabara. Mti mmoja unaotikisika kwa mbali hautaharibu kitu. Tawi linalopita nyuma ya mwili wa mwigizaji litaharibu, kwa sababu hapo ndipo picha mbili zitakapochanganyika.

Jua ni adui mkubwa zaidi. Linasogea nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4, na kivuli cha ukingo wa ukuta kinasogea nalo. Ukichelewa dakika kumi kati ya A na B, utaona mstari wa kivuli ukiruka pindi mwili unapofifia. Pia usitegemee machweo. Karibu na ikweta giza linaingia upesi, dakika 20 na ushee tangu jua lizame, na katika muda huo mwanga unashuka kila dakika. Shoti A na shoti D hazitafanana hata kidogo.

Kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni kivuli kamili cha jengo, mchana, anga likiwa halibadilikibadiliki. Ya pili ni usiku, kwa taa zako mwenyewe, na hiyo ndiyo bora kwa tukio hili kwa sababu wekundu unaonekana. Ukitumia taa za umeme wa nyumbani, kumbuka kwamba umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, la sivyo picha itapepesa na mistari ya giza itapita juu chini. Taa za betri hazina shida hiyo, isipokuwa zile za bei ya chini zinazopunguzwa mwanga kwa kuwakawaka. Hizo ziache kwenye mwanga kamili na uzisogeze mbali badala ya kuzipunguza.

Kuifunga simu

Kamera ya kawaida ya simu hairuhusu mambo yote unayohitaji. Pakua programu inayokubali mipangilio ya mkono. Blackmagic Camera ni ya bure, na kwenye Android kuna Open Camera pia. Kisha:

- Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50.
- Funga ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), rangi ya mwanga na fokasi. Ukiacha hata kimoja kijiendeshe, simu itaona mwigizaji mwenye shati jeusi ameondoka na itaongeza mwanga yenyewe.
- Zima HDR (simu kujisawazishia mwanga na giza) na kitulizaji cha picha. Kitulizaji hukata kingo za fremu na kuzisogeza kila wakati, hata simu ikiwa kwenye stendi.
- Weka hali ya ndegeni, kisha uwashe tena bluetooth peke yake kama unatumia rimoti. Simu ikiingia katikati ya shoti B inakulazimu kuanza upya tangu A.
- Anzisha na usimamishe kwa rimoti ya bluetooth au kitufe cha spika za masikioni. Kidole kwenye kioo kinaisogeza simu.

Stendi isivutwe shingo ya katikati, inua miguu. Ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo 4 hivi katikati, uguse ardhi kidogo ili usipepee. Kama unasimama kwenye udongo laini, weka kipande cha kigae au ubao chini ya kila mguu, maana watu wakitembea karibu, udongo unazama. Chora chaki kuzunguka miguu. Haitakusaidia kurudisha kamera sawasawa ikisogea, ila itakuonyesha kwamba imesogea, na hapo unarudia mara moja badala ya kugundua nyumbani.

Siku ya kurekodi

Kabla ya A, mwigizaji alale mara moja mahali atakapoangukia, mkae mkubaliane: mkono uko wapi, uso umeelekea wapi. Nguo zisiwe nyekundu wala nyeupe tupu. Kijivu, buluu na kahawia hupokea wekundu vizuri. Nywele zinazopepea na mtandio vinasumbua kukata, basi vifungwe.

Akianguka, atulie ametoa pumzi nusu, asivute tena kwa zile sekunde 10. Watu hawaoni kifua kikipanda mpaka wafanye kazi ya maski, yaani kukata umbo la mwili kwenye programu, ndipo kinapowachekesha. Kisha mtu mwingine amsaidie kuondoka wima, asijiburuze. Mita mbili za kujiburuza kwenye vumbi ni alama mpya kwenye shoti B.

Akishatoka tu, rekodi B papo hapo. Dakika mbili zinatosha kati ya hizo mbili. Kwa C, lalisha taa ya LED iliyofunikwa plastiki nyekundu pale kifua kilipokuwa, imulike pembeni na chini. Taa yenyewe itaonekana kwenye picha, na hilo si tatizo: unachokitaka ni ardhi na ukuta vinavyoizunguka, na pale katikati mwili utafunika. Kama una taa mbili, weka nyingine kwenye miguu, kwa sababu mtu mzima hawaki kifuani peke yake.

Majivu

Twanga mkaa, uchekeche. Changanya kikombe kimoja cha unga huo na vikombe viwili vya majivu ya kuni yaliyolala angalau siku nne. Majivu ya jana bado yanaweza kuwa na kaa lenye moto ndani. Lita mbili mpaka tatu za mchanganyiko zinamtosha mtu mzima aliyejikunja.

Jinsi ya kupata umbo: mmoja asimame nyuma ya simu akiangalia shoti A kwenye simu ya pili, mwingine amwage kwa chekeche akielekezwa, “kushoto kidogo, hapo, bega”. Usichore mstari kuzunguka mwili wakati mwigizaji amelala, chaki itaonekana kwenye A. Tabaka liwe la milimita 2 au 3, jeusi zaidi kingoni, jepesi katikati, na sehemu chache zisiwe na kitu. Umbo lililojaa sawasawa linaonekana limechorwa. Unga mtupu wa mkaa nao ni mweusi mno. Kwenye simu unageuka shimo lisilo na chembechembe.

Vaa barakoa unapochekecha. Na usichome nyasi halisi kutafuta uhalisia. Kiberiti hakina kazi yoyote katika tukio hili.

Mezani

DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha, Kdenlive pia. Kabla ya yote, kumbuka kwamba simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayoyumba, 24.8 hapa, 25.1 pale. Pitisha klipu zote kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, uzifanye fremu 25 kamili. Usipofanya hivyo, sauti itachelewa mdomo taratibu na hutajua kwa nini.

Weka D chini kabisa, juu yake B, juu yake A. Jaribu kulingana: badilisha modi ya kuchanganya ya A iwe Difference. Popote picha zinapolingana patakuwa peusi, na mwili tu ndio utabaki unang'aa. Ukiona mistari myembamba ya mwanga kwenye kingo za ukuta na madirisha, kamera imesogea. Sogeza A pikseli moja moja mpaka mistari ife. Hadi pikseli 3 au 4 hivi inarekebishika. Ikizidi hapo, au ikiwa mistari ni minene upande mmoja na myembamba upande mwingine, maana yake kamera imezunguka, na ni nafuu kurekodi upya. Rudisha modi ya kawaida ukimaliza.

Sasa nakili A juu yake mwenyewe. Nakala hii ni ya moto. Kata maski kuuzunguka mwili, ulainishe ukingo kwa pikseli 5 hadi 8 kwa video ya 1080. Ondoa rangi zote, ongeza utofauti wa mwanga na giza mpaka mikunjo ya nguo itokee, kisha itie nyekundu inayoelekea machungwa. Nyekundu safi kabisa inaonekana kama kosa la kamera. Sehemu zenye mwanga zaidi ziache ziende njano na karibu nyeupe. Modi iwe Screen, inayoongeza mwanga tu bila kutia giza. Nakili tena, hii ya tatu uififishe kwa ukungu wa pikseli 50, opasiti (kiasi picha inavyofunika kilicho chini yake) nusu: ndiyo mng'ao unaotoka nje ya mwili. Shoti C nayo iweke kati ya B na A kwa modi ya Lighten, inayobakisha sehemu yenye mwanga zaidi tu, na A ya asili nayo ikatwe maski ileile tangu mwili utulie, la sivyo itaifunika C.

Sasa mpangilio wa muda, ambao ndio roho ya kazi. Hesabu fremu tangu mwili utulie:

Fremu 0 hadi 12, hakuna kitu. Mtazamaji aamini kwamba mtu amekufa tu. Kuanzia 12 hadi 40 moto unapanda kutoka sifuri hadi kamili, na C inapanda pamoja nao. Kuanzia 40 hadi 75 A ya asili inafifia hadi sifuri, huku moto ukibaki palepale juu. Kuanzia 60 B inafifia taratibu kuifunua D. Kuanzia 75 hadi 110 moto na C vinashuka, mng'ao wa nje ukiwa wa mwisho kuzimika.

Kosa la kawaida ni kufifisha vyote pamoja. Hapo unapata mtu anayegeuka kioo, ukuta unaonekana kupitia tumbo lake, na mtazamaji anaitambua hila papo hapo. Mwili unatakiwa upotee ukiwa umefichwa ndani ya mwanga, siyo mbele ya macho. Kosa la pili ni kugandisha fremu ya A ili mwigizaji asitikisike. Chembechembe za picha nazo zinaganda, na jicho linahisi picha imekufa hata kama mtu hawezi kueleza kilichotokea. Kama lazima ugandishe, ongeza chembechembe za bandia juu.

Mwisho, cheza na opasiti ya mng'ao kwa asilimia 8 juu au chini kila fremu 2 au 3, bila mpangilio. Ikiwa na mpangilio itaonekana kama taa ya disko.

Kwa sauti, pasha kikaango kikavu, dondosha maji tone moja moja na urekodi kutoka sentimita 20. Shusha toni kwa theluthi moja hadi nusu. Iache sauti hiyo itangulie moto kwa fremu 4 au 5, na baada ya moto kuzimika acha sauti ya mahali tu: upepo, wadudu. Sekunde 30 za sauti hiyo zirekodiwe palepale kabla hamjaondoka.

Chombo kinachotua

Kipindi cha wavamizi bila kisahani kirukacho kinawezekana, lakini watu watakuuliza kiko wapi. Njia ya zamani ni kuning'iniza kidude kidogo karibu na kamera ili kionekane kikubwa kwa mbali. Simu inaifaa njia hii kuliko kamera kubwa, kwa sababu kihisi chake kidogo kinaona vizuri karibu na mbali kwa pamoja. Funga fokasi kwenye mita 4 hivi, na kwa simu nyingi vitu vya kuanzia mita 2 hadi upeo wa macho vitaonekana vikali. Jaribu kabla ya kutengeneza chochote.

Chukua masinia mawili ya alumini ya sentimita 36, uyabandike ukingo kwa ukingo kwa gundi ya epoksi, na juu yake kibakuli cha plastiki kilichofudikizwa. Kwa kipimo cha 1 kwa 25 hicho ni chombo cha mita 9. Piga msasa, puliza rangi ya kijivu isiyong'aa. Alumini tupu inaakisi stendi yako na uso wako. Chora mistari ya mabati kwa penseli, myembamba, maana penseli ya milimita moja ni ufa wa sentimita 2.5 kwenye chombo halisi.

Kining'inize mita 2 kutoka kwenye lenzi, nacho kitaonekana kiko mita 50. Kimo ndicho kinachowashinda wengi. Kamera ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, ardhi iliyo mita 50 mbele iko mita 1.5 chini ya usawa wa lenzi. Kwa umbali wa mita 2 hiyo ni sentimita 6. Kwa hiyo kikiwa “kimetua”, tumbo la chombo liwe sentimita 6 chini ya usawa wa lenzi, siyo zaidi. Kikishuka sentimita 10 kitaonekana kidude kidogo kilicho karibu, ambacho ndicho kweli.

Tumia mshipi wa kuvulia wa milimita 0.25, uliopakwa kalamu ya rangi ya anga ili usimetemete. Mishipi mitatu ipande hadi kwenye ubao wa pembetatu ulio nje ya fremu, isikutane kwenye pete moja. Ikikutana, chombo kitazunguka kama pia upepo ukigusa. Ubao ndio unaoshushwa kwa kapi. Kabla ya hapo ning'iniza mfuko wenye uzito mara mbili ya chombo kwa saa nzima, na simu isikae chini yake.

Kivuli kitakusaliti: kivuli cha kidude kinaanguka karibu yako, siyo mita 50 mbele, kwa hiyo chini ya chombo patakuwa na jua pasipostahili. Kitue nyuma ya kichaka au tuta halisi linalofunika tumbo lake, au jenga meza yenye udongo chini yake ambayo ukingo wake unaungana na ardhi ya nyuma. Waigizaji nao watokee pembeni. Yeyote atakayepita pale chombo kilipo atafichwa nacho, hata kama hadithi inasema yuko mbele yake.

Kama unataka vumbi linalotimka, rekodi kwa fremu 120 kwa sekunde. Vitu vya kipimo cha 1 kwa 25 vinahitaji kupunguzwa kasi mara 5, ambayo ni kipeuo cha pili cha 25, ndipo vumbi lao lionekane zito. Kushuka kwa sekunde 1.6 kutakuwa karibu sekunde 8 kwenye kioo. Shata iwe 1/250, kwa hiyo jua kali ni lazima. Lakini watu wasiwepo kwenye fremu hiyo, maana nao watatembea taratibu. Warekodi kwenye shoti nyingine kwa kasi ya kawaida. Vumbi lenyewe liwe udongo uliochekechwa ukapulizwa kwa mrija kutoka chini. Saruji inaumiza mapafu na macho, na unga wa ngano ukitimka karibu na cheche unaweza kulipuka.